Mji Alioutoa Simai

Usingizi unamkuta Mzee Simai Pandu ameegemea jabali, miguu ameinyoosha kuelekea bahari, akingoja maji yatoke. Ni asubuhi ya bamvua, maji yanapokupwa mpaka mwisho wake, na kabla ya adhuhuri mwamba wote wa Uwambani utakuwa wazi kama mgongo wa mnyama aliyelala. Hakuja kulala. Amekuja kutazama mti. Mti wenyewe ni ufito wa mkoko uliochomekwa kwenye ufa wa mwamba, kichwani umefungwa ukanda wa kanga nyekundu ya korosho, na maana yake kila mtu wa Uwambani anaijua: maadamu mti umesimama, mwamba umefungwa, na hakuna mwanamke atakayeteremka na mchokoo, fimbo ya kuchokolea mashimo, kutafuta pweza, hata kama nyumbani kwake chungu kimelala mdomo chini. Mwamba hufungwa kusi linapoanza, ili pweza wapate kukua na kuzaa, na hufunguliwa demani, bahari inapotulia. Aliyeupanda mti ndiye anayeung'oa, na akifa kabla, huung'oa mtu wa nyumba yake. Mwaka huu aliyeupanda ni Bi Mkasi, mkewe Simai. Aliupanda ana homa, akarudi nyumbani akalala, akakataa chakula, na kusi halijakolea akazikwa.

Sasa demani imekuja na inakwenda zake, na mti ungali umesimama. Kila bamvua wanawake huja kumuuliza, na kila bamvua Simai huwajibu kwamba bado. Kwanza alisema vitwitwi hawajarudi, wale ndege wadogo wa mchangani wanaokwenda nchi za mbali kuzaa na kurejea wamekonda. Wakarejea, wakaujaza ufuko. Akasema mwani uliotupwa na kusi haujaoza. Ukaoza, ukanuka, ukawa mavumbi. Akasema kulasitara, wale ndege wa miguu mirefu, bado wanavua juu ya majabali, hawajateremka vidimbwini. Wakateremka. Jana shemeji yake Bi Kazija, mdogo wa marehemu, alikuja na kikapu kitupu kichwani, akamwamkia kwa adabu zote, akamuuliza habari za mgongo na za kuku, kisha akamwambia mbele ya wenziwe: Shemegi, unachunga pweza au unachunga kaburi? Wanawake walicheka, halafu wakaacha kucheka wote kwa pamoja. Simai alisema kesho atakwenda kutazama na atatoa neno. Mboja, binti yake wa pekee, alikuwa anakuna nazi jikoni na hakuinua uso. Juu ya mlango, kwa ndani, unaning'inia mchokoo wa mama yake, ambao baba amekataza usishushwe. Si kwamba Simai hazioni dalili. Macho yake yameingia ukungu kwa miaka ya moshi wa tanuri la chokaa, lakini dalili anazisikia, anazinusa, anazikanyaga. Ila mti ule ndio kazi ya mwisho ya mikono ya Mkasi, na siku atakapoung'oa hakutakuwa tena na kitu chochote duniani ambacho Mkasi alikianza na bado hakijesha. Anafumba macho kidogo tu, kuyapumzisha na mwanga wa maji, na jabali aliloliegemea linarudi nyuma polepole, kama mtu anayesogea kumpisha mgeni, naye anajikuta upande wa pili, amesimama, bila kujua aliinuka saa ngapi.

Upande wa pili kuna ufuko uleule, na hauna mwisho. Njia nyeupe inapita katikati ya mwamba, kulia vidimbwi, kushoto vidimbwi, na kila kidimbwi kina kipande chake cha mbingu. Mbele yake amesimama mtu aliyejitanda kanga, kikapu cha ukili begani, na pale penye uso pamekuwa laini tupu, kama jiwe lililolambwa na maji kwa karne nyingi. Simai, aliyezoea kuamkiwa, anangoja shikamoo. Haiji. Anameza jambo hilo kwa shida, anauliza: wewe mtoto wa nani? Mtu asiye na uso anajibu kwa sauti inayotoka kama ndani ya kombe: Mimi ni wa anayenifuata. Simai anasema hakuja kucheza, anautaka mti wa mwamba, uko wapi? Yule anajibu: Uko mbele ya mwaka, upite mwaka kwanza. Na anaanza kutembea, na Simai anamfuata kwa sababu njia yenyewe inamfuata yule mtu, inajikunja nyuma yake kama mkeka unaokunjwa, na anayesimama ataachwa bila pa kukanyaga.

Wanapopinda kona ya kwanza ni kaskazi. Jua limesimama wima, maji ni ya kioo, na ufuko umejaa vitwitwi mpaka mchanga unaonekana unatembea. Wamenenepa, vifua vimeanza kupata wekundu wa arusi, na wote wametazama upande mmoja. Wanaruka kwa pamoja, na wanapogeuka angani wanakuwa weupe, wakigeuka tena wanakuwa weusi, weupe, weusi, kisha hawapo. Simai anasema watarudi. Asiye na uso anasema: Anayekwenda hamuulizi aliyebaki ruhusa. Wanapinda tena na ni masika, mvua inawapiga mabegani wala haiwalowanishi, na kutoka vichakani juu ya majabali wanateremka kaa wekundu wa msituni, jike kwa jike, kila mmoja amebeba mayai chini ya tumbo kama mzigo wa aibu, wanapita juu ya miguu ya Simai bila kumjali, wanafika penye wimbi, wanajitikisa, na mayai yanakwenda na maji, nao wanarudi juu wepesi, hawageuki nyuma. Bahari ni ya rangi ya chai. Simai anataka kusimama awaangalie zaidi, kwa kuwa Mkasi alipenda kuwaangalia, alikuwa akiwaita wanaarusi waliochelewa, lakini njia inajikunja visiginoni na lazima aende. Wanapinda, na kusi linawapiga kifuani. Mawimbi yanapanda majabali na kuanguka kama magunia, mwani umetupwa hadi juu kwenye miti ya mikadi, kulasitara mmoja amesimama mguu mmoja mabega juu kama mzee anayengoja dawa, na mbali, nje ya mwamba, nyangumi anapumua, na pumzi yake inabaki hewani muda mrefu kuliko inavyopaswa. Na hapo, katikati ya povu, Simai anamwona mwanamke ameinama anachomeka ufito ndani ya ufa, anatetemeka kwa homa, anafunga ukanda wa kanga kwa mafundo mawili, anavuta kwa meno. Anaita jina lake. Upepo unalirudisha jina mdomoni mwake likiwa na chumvi. Wanapinda, na ni kaskazi tena, na vitwitwi ni walewale, na masika, na kaa ni walewale, na kusi, na mwanamke yuleyule, na Simai anatambua kwamba njia inawazungusha, kwamba kila wakifika palipostahili kuwa demani, palipostahili kuwa na utulivu na vidimbwi vilivyo wazi, njia inaruka. Anauliza: demani iko wapi? Asiye na uso anasimama kwa mara ya kwanza. Anasema: Kitendawili.

Na Simai, ambaye hajategewa kitendawili tangu alipokuwa na meno yote, ulimi wake unajibu kabla yake: Tega. Yule anatega: Nimejenga nyumba nikiwa ndani, mlango nimeuziba kwa mawe, sili wala sitoki, na siku watakapotoka wageni wangu ndiyo siku yangu. Simai anasema kaburi. Siyo. Anasema konokono, ingawa anajua siyo kabla hajamaliza kulitamka. Anasema tanuri la chokaa, kwa kuwa huzibwa kwa mawe na moto ukiwa ndani, na hilo analisema kwa fahari kidogo, kwa kuwa ni jibu la mtu mwenye fani yake. Siyo. Basi nimeshindwa, anasema. Asiye na uso ananyoosha mkono, kiganja juu: Nipe mji. Kila mtoto wa pwani anajua kwamba aliyeshindwa kitendawili hutoa mji, na mwenye kitendawili huula mji huo kwa maneno kisha hutoa jibu. Na kila mtoto anajua pia kwamba hutoi mji wako. Unatoa Muskati, unatoa Bombay, unatoa mji ambao hujaufikia wala huna ndugu ndani yake. Bibi zao waliwapiga makofi ya mdomo kwa kosa hilo. Lakini Simai amechoka, miguu inamuuma, na kichwani mwake kwa miezi yote hii hapajakuwa na mji mwingine. Anasema: Chukua Uwambani.

Yule anafumba kiganja. Jibu halitoi. Na katika kidimbwi kikubwa kilicho kando ya njia, Uwambani unaingia wote, nyumba zinaning'inia mapaa chini, mnara wa msikiti umechongoka kuelekea kilindini, moshi wa majiko unateremka badala ya kupanda. Simai anapiga kelele kwamba alikosea, kwamba alikusudia mji mwingine, na hakuna wa kumpigia kelele, njia imekwisha, asiye na uso amekwenda na kikapu chake. Anakanyaga ndani ya kidimbwi. Maji hayamlowanishi. Anatembea mtaani kwake, mbingu ikiwa chini ya nyayo, na mambo yote yako palepale ila yamehamia upande wa pili, kisima kilichokuwa kulia kiko kushoto, na jirani anayempita anampa mkono wa kushoto. Simai anaurudisha mkono wake nyuma. Katika maisha yake hajapokea mkono wa kushoto, na binti yake mwenyewe, Mboja, aliyezaliwa anatumia kushoto, alimfunga mkono huo kwa kitambaa mpaka akajua kulia kwa kula na kuandika. Mkasi pekee ndiye aliyemwachia, wakiwa wawili mwambani, ashike mchokoo kwa mkono alioumbwa nao. Jirani hakasiriki. Anakwenda zake. Na sasa Simai anaona kwamba milango yote ya mji imezibwa kwa mawe. Nje ya kila mlango ameketi mwanamke na kikapu kitupu mapajani. Mmoja ana sura ya Kazija, kipini chake cha pua kimehamia tundu la pili. Simai anamuuliza nani ameiziba milango. Anajibu bila hasira, na hilo ndilo linalomuumiza: Shemegi, si umetutoa.

Anakimbia, kama wanavyokimbia watu wa ndotoni, magoti yakipita ndani ya uji. Nyumba yake imezibwa kama nyingine, mawe ya matumbawe yamepangwa toka chini hadi kizingiti, na Simai, aliyepasua mawe hayo miaka arubaini, anaona kwamba yamepangwa kutoka ndani. Kati ya jiwe na jiwe pana jicho. Analijua jicho hilo. Anaketi chini, pumzi zikimpaa, anasema: Mkasi. Jicho linamtazama kidogo. Baba Mboja, linasema, umevaa shati hilo na kifungo hakijashonwa bado? Simai anajishika kifua. Kifungo kweli hakipo. Anasema hakuna wa kukishona. Mkasi anasema yupo, tena ana mikono miwili, ila wewe humwambii, unabaki kuwanunia kuku wa watu. Sauti yake ni ileile, kavu, yenye kicheko kilichofichwa chini kama kaa mchangani. Simai anasogeza uso penye upenyo. Ndani mkewe ameketi chini ya dari, amekonda, mikono ameiinua, na kutoka darini vinaning'inia vichane vyeupe, shanga ndogondogo kama punje za mchele, maelfu, na katika kila punje vidoa viwili vyeusi vya macho. Anavipuliza taratibu, kimoja baada ya kingine, kama anavyopulizia mama uji wa mtoto. Simai anamuuliza anakula nini humo. Anasema hali. Tangu lini? Tangu nilipofunga mlango. Anamwambia atoke ale, atampikia yeye mwenyewe, anajua sasa kupika. Mkasi anacheka: Umeupika ubwabwa wako uleule wa chokaa? Kisha kicheko kinakwisha na anasema: Toa mawe, Baba Mboja. Wageni wangu wamekomaa.

Simai anasema hapana. Analisema taratibu, kama mtu anayekataa kuongezwa chai. Anasema nikitoa mawe utakwenda. Mkasi anaendelea kupuliza. Nitakwenda, anasema, na usipotoa nitakwenda, ila nitakwenda nikiwa nimeoza juu ya watoto hawa, nao wataoza nami. Mimi niliupanda mti watu waje wale. Sikuupanda uje uutazame. Simai analia, na machozi yake yanapanda juu badala ya kushuka, yanaiacha mbingu iliyo chini. Anasema hana kitu kingine chake. Mkasi anasema: Una mtoto wangu jikoni anakuna nazi. Hapo anapenyeza mkono kati ya mawe, mkono wa kushoto, na Simai anautazama, na kiburi chake chote cha miaka kinamwambia asiupokee, na anaupokea. Ni wa baridi na una chumvi. Kisha anaanza kutoa mawe. Anayajua, kila jiwe na uzito wake, hili la kuchoma chokaa, hili la kutupa, na kila analolitoa linamwachia ubaridi kiganjani. Maji yanaingia ndani kwa upole, na vile vichane vinapasuka, na watoto wanatoka, vipweza vidogo kuliko ukucha, vinang'aa, kila kimoja kinajisukuma kwa mguno mdogo wa maji, vinampita masikioni, vinampita mdomoni, vinapita juu ya mji, na kila vinapopita mawe ya mlango mmoja yanaanguka, na mwingine, na mwingine, na wanawake wanasimama na vikapu. Ndani Mkasi ameteremsha mikono. Anaanza kuwa mweupe, kwanza vidole, kisha mabega, weupe ule wa chokaa iliyoiva sawasawa, ambayo mchomaji huwaita majirani waje waione. Hajanyamaza kwa uchungu. Amenyamaza kama mtu aliyemaliza kufua. Simai anainua mkono kumgusa na pale alipokuwa pana maji tu, ya demani, yaliyotulia, na ndani yake anaonekana mti wa mwamba umesimama peke yake. Anaushika kwa mikono miwili. Unatoka kwa urahisi unaomtia haya, kama jino la mtoto.

Nyuma yake kikapu cha ukili kinalia. Asiye na uso amerudi. Bado unalo jibu la kunipa? anauliza. Simai anasema ni pweza mama, anayejiziba shimoni na mayai yake bila kula, na yakianguliwa hufa. Umechelewa, anasema yule, lakini umepata. Chukua mji wako. Anaukunja Uwambani, nyumba na msikiti na kisima, kama mtu anavyokunja kanga iliyofuliwa, anaukamua mpaka tone la mwisho, na anautia kiganjani mwa Simai, nao ni mdogo, mwekundu, umelowa.

Jua ndilo linalomwamsha, limemfikia usoni. Ameegemea jabali. Maji yametoka mpaka mwisho, mwamba wote uko wazi, unatoa mvuke na harufu ya chaza, na vitwitwi wanakimbizana na wimbi la mbali. Simai anajipapasa. Kikoi chake ni kikavu hadi pindoni, miguu yake ni mikavu, na katika ngumi yake ya kulia pana ukanda wa kanga nyekundu ya korosho, umelowa, una mafundo mawili yenye alama za meno. Anatazama kule ulipo ufa wa mwamba. Anakaza macho mpaka yanatoa machozi, na ukungu wake hauondoki, hajui kama kile anachokiona ni mti, au ni kulasitara aliyesimama mguu mmoja, au si kitu. Juu kwenye mchanga mkavu wanawake wamejipanga na vikapu, na mmoja anateremka, anaruka jiwe hadi jiwe kwa miguu inayoyajua mawe. Ni Mboja. Anasimama mbele yake, jua likiwa nyuma yake, uso wake ni kivuli kitupu, na kwa muda Simai haoni uso wowote pale, na moyo wake unasimama. Shikamoo baba, anasema, na moyo unarudi. Marahaba.

Mboja anasema mti haupo. Wameuona hauko tangu maji yalipoanza kutoka, wakangoja, kwa kuwa hawajui kama umeng'olewa na mtu au na wimbi, na kama ni wimbi basi mwamba bado umefungwa. Anasema mama mdogo Kazija amemtuma aulize. Kisha, kwa sauti ya chini: Na mchokoo wa mama nimeushusha, baba. Usinigombeze mbele ya watu. Simai anautazama ukanda ulioko mkononi. Angeweza kusema ni wimbi. Lingekuwa neno la kweli kwa kadiri anavyojua, na mti ungerudishwa kwenye ufa wake, na Mkasi angekuwa na kazi ambayo haijesha mpaka kaskazi ijayo. Bahari inangoja, na wanawake wanangoja, na mahali fulani chini ya mawe kuna anayepuliza. Anasema: Nimeung'oa mimi. Mwamba uko wazi, waambie.

Mboja anawageukia wanawake. Anainua tu mchokoo juu ya kichwa, na kule mchangani vikapu vinaanza kuteremka, na sauti ya Kazija inafika kabla yake, ikisema Shemegi tulidhani utaufungua siku ya kiama, tukasema tutakwenda na vikapu vyetu huko huko. Safari hii wanacheka na hawaachi. Simai anaegemeza kiwiko jabalini ainuke. Mboja anaona, anamnyooshea mkono amnyanyue, na mkono anaomnyooshea ni wa kushoto. Labda ni kwa sababu wa kulia umeshika mchokoo. Anaweza kutazama ajue. Vidimbwi vyote viwili, cha kulia kwake na cha kushoto kwake, vimebeba mbingu ileile, na katika kila kimoja kuna mzee ameketi na msichana amesimama. Simai hatazami mkono wa pili umeshika nini. Anaupokea ulio mbele yake, una chumvi, na anasimama.